Mlango wa Futi Tatu

Bombolulu, Jumapili baada ya kanisa

Kaka Karisa,

Shikamoo. Nimeanza na salamu kwa sababu Mama alitulea hivyo, na hasira niliyo nayo haijafika mahali pa kunizuia kukuamkia. Mgongo umepoa? Wifi na watoto hawajambo? Na mahindi je, yamesimama au jua limeyachoma tena? Mimi ni mzima. Bado nakata shaba pale karakana, tunatengeneza herini na bangili, na bado nakaa chumba kilekile cha kupanga. Mwenye nyumba, mzee ambaye si ndugu yetu wala jirani wa kwetu, alinimwagia mteremko wa saruji mlangoni wiki ile niliyohamia ili kiti changu cha magurudumu kipite. Nilimwomba mara moja tu. Nakutajia hilo makusudi.

Sasa nisikilize. Jumatano ulinipigia simu ukacheka, na fundi wako nikamsikia akicheka nyuma yako, kwa sababu mchoro niliokutumia wa nyumba mpya ya Mama ulikuwa na chumba kipana kuliko msingi wenyewe. Ukaniambia fimbo ya mbali haiui nyoka. Hiyo ningeimeza. Lakini uliongeza neno jingine, na siku nne hizi limenikaa kooni: "Sidi, nyumba hujengwa na wanaotembea ndani yake."

Basi nakujibu kwa barua, tena ndefu, maana kwenye simu wewe hunikata kauli.

Unajua kwamba nimechora tangu utotoni. Ulipokuwa ukienda shule nami nikibaki uani, kabla sijapata kiti, nilichora vinu na ghala na baiskeli ya Baba kwa mkaa ukutani, mpaka Mama akachoka kunigombeza. Hadi leo ndiyo raha yangu. Wenzangu Jumapili hutazama mpira, mimi huchora jiko, bawaba, stuli, kitu chochote chenye vipimo, kinavyoonekana kutoka mbele, ubavuni na juu. Hakuna aliyenituma. Mwaka huu nilipata kompyuta iliyokwishatumika ofisini, nikaamua kupumzisha rula na kifutio, kwa kuwa nikikosea mstari mmoja nilikuwa nafuta mpaka karatasi inatoboka.

Hapo akaingia Otieno, mweka stoo wetu, mtu wa bara mwenye roho nzuri na maneno mengi. Aliniwekea programu kubwa ya kuchorea, akasema ndiyo wanayotumia mainjinia. Kompyuta ikanguruma. Nilichemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe, bado inafunguka. Ilipofunguka ilikuwa na vitufe vingi mno, asubuhi nzima nikatafuta namna ya kuchora mstari ulionyooka, na mwishowe ikaniarifu kwamba muda wa kuijaribu unakaribia kwisha. Nikajaribu nyingine, ya mtandaoni. Hiyo ilikuwa nyepesi, ila bando likiisha mchoro wako unabaki umefungiwa huko usikoweza kuufikia.

Nikajiuliza mimi nataka nini hasa. Sijengi daraja wala meli. Nataka mistari, duara, vipimo vinavyojiandika pembeni, na karatasi itoke kwenye mashine kwa kipimo cha kweli. Nataka ifunguke chai ikiwa bado moto, ifanye kazi bila mtandao, na mchoro uwe wangu. Nikaipata moja ya bure, ndogo, sura yake ya kizamani. Otieno alipoiona akatikisa kichwa. "Aah, Sidi, hiyo ni ya watoto wa shule. Msee siriasi hawezi guza hiyo." Nikamwambia anayechora ni mimi, na mtu mzima huchagua jembe linaloutosha mkono wake.

Kwa programu hiyo ndipo nilipochora nyumba ya Mama. Kosa lilikuwepo, nalikiri, lakini si langu peke yangu. Kwa kuwa mnajenga juu ya msingi uleule wa nyumba ya zamani, nilikuomba vipimo vyake. Wewe ukaupima kwa hatua, kama Baba alivyokuwa akipima kila kitu, ukanisomea: chumba cha Mama, upana hatua tatu. Mimi sijapiga hatua hata moja maishani mwangu, Karisa. Nilidhani hatua ni moja kwa watu wote, kama futi ilivyo moja. Mafundi hapa husema hatua ya mtu mzima ni futi tatu, nami nikaandika futi tisa. Huko kwetu tumekuwa tukipimana kwa miguu ya Baba na miguu yako, na hakuna aliyewahi kuipima hiyo miguu.

Baada ya kicheko chenu nilifungua mchoro tena. Nikaweka ndani yake kitanda cha Mama, upana futi nne, na kabati lake, futi mbili. Ikabaki njia ya futi tatu. Nikampigia Mama nikamuuliza zamani alikuwa akipitaje hapo. Akasema, "Nilikuwa napita ubavu, mwanangu." Hapo nikajua kwamba hatua zako ni fupi.

Mama hakupoteza wakati. Ulipokwenda kufuata simiti, alishuka kwenye msingi na leso yake. Ni ile doti tuliyogawana, kipande kimoja chake, kingine changu, na changu ninacho hapa. Nilikipima kwa rula, urefu wake futi tano kamili. Shibiri ya Mama naijua pia, inchi tisa, maana ilinipimia kila sare ya shule. Yeye akatandaza leso huko, simu ameibana begani, mimi hapa nikapiga hesabu. Leso moja na shibiri tatu: futi saba na inchi tatu. Tukaenda hivyo chumba kwa chumba, tukicheka sasa sisi, na mara hii mistari yote ilikutana kwenye pembe. Hakukuambia kwa kuwa hapendi ugomvi. Nakuambia mimi.

Halafu nikamwomba aipime na ile fremu ya mlango ambayo fundi ameiegemeza ukutani. Kutoka nje hadi nje ni inchi ishirini na nane. Ukitoa mbao zake mbili, inabaki nafasi ya inchi ishirini na nne. Kiti changu ni inchi ishirini na sita, na hapo sijahesabu vidole vyangu vinavyosukuma magurudumu.

Siku ya mazishi ya Baba niliingizwa nyumbani mgongoni kwa binamu, sketi imenipanda mapajani, wageni wakitazama. Niliona aibu hata nikashindwa kumlilia baba yangu. Hilo sijakusamehe, na nadhani hata hukujua kwamba lipo la kusamehewa. Sitabebwa tena.

Ndani ya bahasha mna mchoro. Sikuutuma kwa simu kwa sababu kwenye kioo kipimo hupotea. Atakuletea shangazi Kadzo Jumanne, kabla fremu haijasimamishwa. Robo inchi kwenye karatasi ni futi moja kwenye nyumba, na fundi aweke rula mwenyewe. Mlango wa mbele, futi tatu wazi. Mlango wa chumba cha Mama vilevile, kwa maana naye anazeeka, na wewe pia. Kizingiti hakuna. Ile fremu nyembamba ifungeni kwenye ghala, mahindi hayana magurudumu.

Mwambie Mama leso yangu imefuliwa na kukunjwa, nitarudi nayo safari hii. Wifi mpe salamu zangu na pole ya kupikia mafundi. Wapwa zangu wabusu. Fundi naye msalimie, sina kinyongo naye, acheke akishamaliza kupima.

Mwezi wa kumi na mbili nakuja kwenye ibada ya kumkumbuka Baba. Nikikuta mlango mwembamba, sitageuza kiti nirudi Mombasa, usijidanganye. Nitakaa palepale mbele yake tangu wa kwanza kufika hadi wa mwisho kuondoka. Kila atakayekuja kumpa Mama mkono atanipita mimi kwanza, na atakayeniuliza kwa nini niko nje ya nyumba ya mama yangu, nitamkunjulia nakala yangu ya mchoro huu nimwambie kwamba wewe ulikuwa nao kabla fremu haijasimamishwa.

Dada yako, mtoto wa nyumba hiyo kama wewe,
Sidi