Nje ya Mlango Hakuna Shikamoo

Mafia,
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mariamu,

Shikamoo. Salamu hii naiandika kwa kalamu kwa sababu kwenye simu huipokei. Nimepiga ikaita mpaka ikakatika, nikapiga tena. Mara ya mwisho Zaituni alipokea akasema, "Shangazi anasema hayupo," nami nikakusikia nyuma yake ukikohoa. Basi natumia njia ya zamani. Barua hii itavuka kwa boti hadi Nyamisati, itapanda basi mpaka Singida Mjini, na mwenye bodaboda ataifikisha kwako Mwankoko. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichana, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Goti lako linaendeleaje? Na alizeti, ndege wamekuachia chochote? Naona huku upepo umegeuka, nikajua na huko umeanza ule wa kupuliza mchanga mpaka ndani ya sufuria. Mimi ni mzima, isipokuwa paja la kushoto. Habari za paja ziko mbele, usiruke mistari kuzifuata.

Ujumbe wako nimeupata. Nilimlazimisha Zaituni aniambie neno kwa neno, na mtoto wa watu akautoa wote: "Mwambie baba yako mdogo, mtu mzima, mwalimu mstaafu, analala kifua wazi juu ya ubao baharini kama dagaa wa kuanikwa, na sokoni wananionyesha kwenye simu, wananiuliza, huyu si mdogo wako? Achague. Akiacha ubao, atakuja kukaa mkekani apokee posa yako. Asipoacha, nitatafuta mzee mwingine."

Mzee mwingine yupi, Dada? Kaka Ramadhani, aliyemzaa Zaituni, yuko chini ya udongo wa Ilongero. Wanaume wa nyumba ile tulikuwa wawili. Aliyebaki ndiye huyo dagaa.

Nimekaa na maneno yako muda mrefu kabla ya kuyajibu. Jibu langu ni kwamba siachi. Na mkekani nitakaa. Sasa nipe nafasi nieleze, kisha ugombe.

Kwanza wimbi lenyewe, maana wewe hujaona bahari, na hao waliokuonyesha video nao hawajaiona. Usichukulie yale maji ya Ziwa Singidani siku ya upepo, yanayosukumana na povu mpaka ukingoni. Yale ni maji yanayohangaika tu. Wimbi la huku linatoka mbali na halina haraka. Linapita chini kama ng'ombe aliyeingia shamba la mtama: ng'ombe humwoni, unaona mtama ukiinuka na kulala, ukiinuka na kulala, ukija upande wako. Likifika kwenye mwamba, pale kina kinapoisha ghafla, linasimama. Kisha linaanza kukatika kutoka kusini kwenda kaskazini, taratibu, kama mtu anayekunja mkeka. Mwenye ubao anakaa mbele ya hilo kunjo na kuteleza. Hiyo ndiyo kazi yote. Hakuna uchawi na hakuna uhuni.

Mwamba huo haufikiki kwa miguu. Unapanda boti ya Sudi, mnakata ghuba, mnatokea kwenye mlango, yaani ile nafasi mwamba uliyoacha wazi boti ipite. Nje ya mlango ndiyo bahari kubwa. Sudi hutia nanga pembeni palipo shwari, na anayetaka wimbi anaruka na ubao wake. Maji yawe nusu, tena yanajaa. Yakipwa sana matumbawe yanakaa karibu, na matumbawe hukata kama chupa.

Utauliza nilifikaje huko. Serikali iliponileta kufundisha nilidhani ni kwa muda. Nikaoa huku, nikazika huku, na nilipostaafu sikuwa tena na mtu wa kuniuliza nimekula nini. Miaka yote hiyo bahari niliitazama kama mtu anavyotazama nyumba ya jirani tajiri, nikiwa upande wangu wa ua. Wifi yako alipofariki nyumba ilinyamaza mpaka kurasa za kitabu zikawa na kelele. Sudi, niliyemfundisha kusoma, akaja mlangoni akasema, "Mwalimu, usikae unalindana na kuta. Njoo upunge upepo." Nikawa naenda na kitabu changu. Vijana wa boti yake wanateleza kwenye mbao walizoachiwa na wageni wa hotelini, mimi nasoma ndani ya boti. Siku moja nikagundua nimeshika ukurasa uleule asubuhi nzima. Nikafunga kitabu.

"Nipeni huo ubao."

"Mwalimu, utani huo," akasema Rajabu, ambaye ndiye hodari kuliko wote.

"Nimewahi kukutania wewe?"

"Hapana, Mwalimu. Umewahi kunichapa tu."

Nimejifunza kwa kuanguka, na moja ya kuanguka huko ndiyo ile video. Aliyeipiga ni mgeni aliyekuwa boti nyingine. Alinicheka, na mimi ningecheka.

Sasa paja. Nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia sokoni.

Mwezi uliopita nilikuwa nimelala juu ya ubao nikipiga maji kwa mikono kurudi nje, na nilikuwa nimekaa pabaya, katikati ya njia ya wimbi. Rajabu alikuwa ameshalipanda, anakuja kwa kasi. Kule kuna sheria moja: aliye juu ya wimbi ana haki, wengine wanampisha, na usipompisha anakupigia kelele. Wangekuwa wageni wangepiga kelele. Lakini Rajabu ni mtoto aliyelelewa. Angempigiaje kelele mwalimu wake, mtu wa umri wa babu yake? Kwa hiyo, akiwa juu ya wimbi, anakuja kama pikipiki iliyokatika breki, mtoto yule akasema, "Shikamoo Mwalimu, samahani, naomba unipishe kidogo..."

Na mimi, Dada, nikageuka, nikainua kichwa, nikamjibu, "Marahaba."

Hapo ndipo ubao uliponipata. Lile pezi lake la chini lilinichana paja kutoka karibu na goti kwenda juu. Wakanibeba mpaka kwenye boti, Sudi akavua fulana yake akafunga, na zahanati wakanishona. Mganga aliposikia ilivyotokea aliomba samahani, akatoka nje. Nilimsikia akicheka ukumbini.

Jioni yake mama yake Rajabu alikuja na mkungu wa ndizi na uso wa msiba, mwanawe nyuma yake ameinama. Walipoondoka Sudi akaja na hukumu yake.

"Mwalimu, mimi sikubebi tena."

"Kwa sababu gani?"

"Boti ni yangu."

"Nilikufundisha kusoma, Sudi. Soma uso huu, uniambie umeandikwa nini."

Alinitazama, akatazama chini. "Umeandikwa utaenda hata kwa kuogelea."

"Umefaulu."

Lakini niliona kwamba hofu yao ilikuwa na msingi. Kilichonichana hakikuwa wimbi, wala uzee. Ni adabu. Vijana wale wangenisalimia mpaka waniue. Na kabla ya siku ile nilikuwa nimeshaona jambo jingine lililoniudhi. Kila nilipolielekea wimbi, wote walikuwa wanaliacha. "Pita, Mwalimu." "Lako hilo, Mwalimu." Kama kwenye foleni ya zahanati. Sikuwa nimepata wimbi hata moja, nilikuwa napewa.

Basi nyuzi zilipotolewa niliwaita pwani, nikawasimamisha mchangani kama darasani, nikatoa sheria. Ndani ya ghuba mimi ni Mwalimu na shikamoo zote nazipokea. Boti ikishatoka nje ya mlango, hakuna shikamoo, hakuna samahani, hakuna pita Mwalimu. Wimbi ni la aliyelipata. Na nikikaa njiani nipigiwe kelele kwa jina.

"Jina lipi?" Sudi akauliza. "Mwalimu Athumani ni refu, wimbi halisubiri."

Nikafikiri. Nikawapa Tumani.

Hilo ni jina lako, Dada. Tangu mama afariki hakuna mtu duniani anayeniita hivyo ila wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ukilipiga kelele kutoka juu ya kilima, ng'ombe wakikaribia mtama wa watu nami nimezama kwenye kitabu. "Tumani! Toka!" Kabla sijafahamu nimefanya nini, miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia. Nilijua ni sauti pekee ambayo mwili wangu hautaijibu marahaba.

Tukafanya mazoezi palepale. Nililala juu ya ubao mchangani, Rajabu akasimama nyuma yangu.

"Tumani, toka," akasema, kama mtu anayeomba chumvi.

"Sikusikii."

"Tumani... toka."

"Rajabu, mimi nakufa hapa. Paza sauti!"

"TUMANI! TOKA!"

Kwa bahati mbaya Bi Hadija alikuwa anapita na ndoo yake ya pweza kichwani. Akasimama kama amepigwa radi. "We Rajabu! Mzee wa watu unamfukuza kama mbwa? Leo mama yako atanisikia!"

"Mwache, Bi Hadija," nikamwambia nikiwa bado nimelala kifudifudi. "Yuko darasani."

Aliondoka akisema kwamba watu wa bara hatuna dawa.

Alhamisi iliyopita Sudi alinibeba. Tulipotoka mlangoni kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake avunje adabu kwanza. Nikaingia majini. Wimbi la kwanza alilichukua Rajabu bila kuniuliza, na nikafurahi kuliko siku aliyofaulu mtihani. La pili nilikuwa nimekaa vibaya tena. Nikasikia nyuma yangu, "Tumani! Toka!" Dada, sikugeuka wala sikufikiri. Nilipiga maji upande mmoja kama mtoto, na yule kijana akapita akicheka, amenimwagia maji usoni.

La tatu likaja na hakuna aliyenipa. Nilishindana nalo na mwingine, nikamtangulia, ubao ukaanza kwenda wenyewe. Nikaweka mikono, nikavuta goti, nikasimama. Nisikudanganye, sikusimama kama wao. Nilisimama kama mtu anayetafuta miwani yake sakafuni. Lakini nyayo zangu mbili zilikuwa juu ya ubao, ubao juu ya maji, na ukuta wa kijani ulikuwa unakunjika mkono wangu wa kulia. Ulidumu muda wa kusema bismillahi mpaka mwisho. Nilipoibuka walikuwa wanalipigia kelele jina langu la nyumbani, bahari nzima.

Na kwa hilo unataka nichague.

Najua aibu si neno lako lote. Zaituni aliniambia kwamba baada ya kutuma ujumbe ule ulienda kukaa jikoni bila kuwasha moto. Sitakwambia bahari haiui. Inaua. Kiti nacho kinaua, ila polepole, na watu wanakuja kukusalimia huku kinaendelea. Nimekaa kwenye kiti hicho tangu nimzike mke wangu, nakijua mpaka misumari yake. Sirudi.

Kuhusu posa, nimemuuliza mwenyewe anayeposwa, na wewe shangazi ungemuuliza. Akasema, "Baba, nataka anipokelee mtu ninayemfahamu. Wakwe wakitaka kucheka, wacheke wakiwa wameshakaa." Kwa hiyo nitakuja kabla ya siku hiyo. Nitavaa kanzu na kofia, nitakaa mahali angekaa kaka Ramadhani, na nitazungumza kama anavyozungumza baba wa binti. Wakiniuliza kama mimi ndiye yule wa kwenye simu, nitawaambia ndiye, na kovu ninalo. Watu wanaoogopa mzee kulowa hawafai kuchukua binti yetu.

Lakini mkononi mwa nani nimejifunza ukaidi huu? Unalikumbuka jiwe la nyuma ya boma letu Ilongero, lile refu lenye mgongo laini. Wavulana walikuwa wanateleza juu yake kwa vipande vya ngozi kavu ya ng'ombe. Msichana aliyethubutu ni mmoja, na alikuwa anawapita wote. Namwona baba amesimama chini na fimbo yake, anakuamuru ushuke kwa miguu kama mtoto wa kike. Mimi nilikuwa mdogo, nimeshika kanzu yake. Wewe juu kule umekaa kwenye ngozi, upepo umekujaza gauni, ukamwambia, "Baba, utanichapa nikishafika chini."

Ukajiachia. Na alikuchapa kweli. Kesho yake ukapanda tena.

Nisalimie shemeji, mwambie redio yake nitakuja kuitazama. Nisalimie jirani yako muuza kuku aliyekuwa wa kwanza kukuonyesha video ile, mwambie namba yangu bado ni ileile, aulize anachotaka. Wasalimie wajukuu wote. Zaituni mwambie baba yake anakuja.

Ijumaa, tukirudi kutoka mwambani, nitakupigia kabla sijajifuta maji. Ukipokea utanisikia bado natweta. Usipopokea nitajua bado umekasirika, na aliyekasirika ni mzima, nitashukuru kwa hilo pia. Paza sauti, ugombe, uandae fimbo. Lakini Dada, niko juu ya ngozi na nimeshaanza kuteleza. Utanichapa nikishafika chini.

Mdogo wako,
Tumani