Bukari ya Kubeba na Bukari ya Kukaa

Kampemba, Lubumbashi
Jumapili, tarehe 17 Agosti 2025

Mpendwa Tantine Victorine,

Kwanza jambo yako, na jambo kwa kila mtu aliye hapo nyumbani Kilwa, kando ya ziwa. Kile kifua cha baridi ya mwezi wa saba kimekuachilia? Na Kambo, mama yenu, magoti yake yanasemaje? Mwambie ile dawa ya kupaka aliyoomba nimeshaipata, anaileta huyu huyu anayeleta barua.

Huku tuko wazima. Baridi imekwisha, sasa ni vumbi. Jana nilifua mapazia yote, leo asubuhi yamekuwa mekundu tena, nikayaacha hivyo. Baba ni mzima, gari lake la kubeba sima ya kujengea ndilo linaloumwa, ingawa bado linatembea. Kaka yangu, Yaya Aristote, alipiga simu toka Kolwezi. Anasema kazi iko, anasema atakuja kututembelea, ila hasemi lini.

Barua nampa Djo, yule dereva anayetuletea samaki toka kwenu. Nimeona afadhali kuandika. Kwenye simu unanijua: network inakatika, na isipokatika, ninakatika mimi mwenyewe. Unaita, "Plamedie, uko?" Nasema niko, halafu basi, unite zinaisha. Nilianza kuandika kwa Kifaransa, kwa sababu shuleni kila kitu tunakiandika kwa Kifaransa, lakini ilitoka kama barua ya kuomba kazi. Nikaichana.

Najua unangoja jibu moja tu. Siku tulipomaliza matanga ya mwaka mmoja tangu Mama atuache, uliniambia nifikiri, na kabla shule haijafunguliwa niseme kama ninakuja kukaa kwako Kilwa ao ninabaki hapa na Baba. Baba alisema ni mimi wa kuchagua, kisha akatoka nje kuangalia gari. Tangu siku ile hajauliza tena. Nitakujibu, Tantine. Lakini lazima nianze na habari ya chakula, kwa sababu jibu limetokea humo.

Ulipoondoka baada ya mazishi ulituachia unga, gunia la makala ya moto, na mbabula ya Mama, lile jiko lake, umeisafisha hadi inang'aa. Nilisonga ule unga. Kilichotoka sikukuambia. Bukari ilikuwa na vidonge ndani, nje maji. Baba aliila yote hadi kidonge cha mwisho, na hilo liliniuma kuliko kama angenigombeza. Kesho yake jioni alikuja na barketi mbili, vile visahani vya aluminium vyenye kifuniko, kutoka kwa Mama Mujinga anayepikia nyuma ya soko. Utamkumbuka. Ni yule mama wa Kasai aliyelia kwenye matanga kwa sauti kupita sisi wenye maiti, kisha akafuta macho na kuuliza ni nani aliyetia chumvi kwenye maharagi.

Basi ikawa ndivyo. Nikitoka shule napitia kwake, nabeba barketi mbili. Ya Baba naiweka sebuleni, kwenye meza ya salo, nammwagia maji ya kunawa, narudisha mlango polepole. Yangu naila jikoni. Mama alipokuwa hai ilikuwa hivyo pia: Baba na Aristote salo, Mama na mimi jikoni, na wewe ulipokuja ulikaa upande wetu, tukawa tunacheka mpaka Baba anakohoa huko kutuambia tupunguze. Msichana mkubwa hatii mkono kwenye sahani ya baba yake. Hakuna aliyenifundisha vingine.

Lakini hesabu watu sasa. Upande wa wanaume amebaki Baba. Upande wa wanawake nimebaki mimi. Katikati ni ukuta. Namsikia akisogeza kiti, na yeye labda ananisikia nikifungua kifuniko.

Kuna kitu sijamwambia mtu, hata Syntiche ninayekaa naye benchi moja darasani. Nilikuwa namaliza kula haraka ili nikae tu nimsikilize. Akikohoa, nafurahi. Asipokohoa, nasogea karibu na mlango. Na nilipokuwa nafikiria Kilwa, unisamehe, sikuwa nafikiria ziwa wala hata wewe. Nilikuwa nafikiria kelele za watu wengi wanaokula pamoja.

Sasa, tangu mwezi wa sita, bei ya kubeba ilianza kupanda. Kwanza ilikuwa barketi yenyewe, tukaanza kuilipia. Halafu mfuko. Halafu Mama Mujinga akasema anayekaa kula pale pale anaongezewa sombe ya majani ya muhogo akiishiwa, lakini anayebeba amebeba alichobeba. Na ile bukari ya ndani ya barketi ikazidi kuwa ndogo kila juma, ungesema nayo imefunga Kwaresima. Mjini ni mbaya zaidi. Syntiche anasema mjomba wake aliagiza kuku kwa simu, pesa ya motari aliyemleta kwa pikipiki ikapita pesa ya kuku. Afadhali kuku angekuja kwa miguu.

Bei ya kukaa, yenyewe, haikuguswa. Mimi nisingethubutu kuuliza kwa nini. Aliyeuliza ni Papa Floribert, mshona viatu, aliyekuwa mbele yangu. Mama Mujinga alimjibu huku anageuza samaki:

"Mwenye kukaa ananunua sukre ya kunywa, anacheka, bantu banapita banamuona, na beye banaingia. Mwenye kubeba ananiachia nini? Kiti wazi."

Nilijaribu ujanja. Nilitoka nyumbani na bakuli, nikiwaza kwamba bila barketi nitapunguziwa. Aliliinua juu watu wote walione. Akasema, "Hii ni bakuli ao ni beseni ya kuogeshea mutoto?" Watu wakacheka, hata mimi midomo ilicheka, lakini masikio yalikuwa moto. Alilijaza vizuri, na bei ya kubeba ikabaki pale pale. Nikiwa naondoka akaniita: "Ukae basi. Unaogopa bantu ao unaogopa bukari?" Nilisema Baba ananingoja. Akasema, "Mulete."

Nani angemleta Baba? Siku iliyofuata nilirudia barketi.

Mwishoni pesa aliyokuwa akiniachia Baba asubuhi haikufikia tena barketi mbili. Sikumwambia. Nilinunua moja, yake, nikaweka mezani kama kawaida. Mimi nilikunywa chai na mkate jikoni. Nilidhani hatajua. Kwenye kula jikoni peke yako kuna jema moja, hakuna anayejua umekula nini. Lakini jioni moja mlango ulifunguka, Baba akaingia jikoni. Tantine, Baba haingiagi jikoni. Alisimama akaangalia kikombe, akaangalia kapu la takataka.

"Yako iko wapi?"

Nikamweleza yote, barketi, mfuko, bakuli, mpaka maneno ya Mama Mujinga. Nilizungumza nikitazama miguu yake. Akauliza kama bei ya kukaa ni ile ya zamani. Nikasema ndiyo. Akasema basi, Jumamosi tutaenda kukaa. Kisha akaenda salo, akarudi na barketi yake, akaniwekea nusu kwenye sahani, akatoka tena.

Jumamosi tulienda. Yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wawili ambao njia tu imewakutanisha. Nilivaa ile blauzi uliyonishonea. Mama Mujinga hakufanya mzaha wowote, alifuta benchi tu. Halafu akaleta anavyowaletea watu wote waliokuja pamoja: bukari moja kubwa, sombe bakuli moja, samaki mmoja wa thomson, yule wa barafuni, jagi la maji na beseni. Sikulifikiria hilo kabla. Nilikuwa nimefikiria bei, sikufikiria sahani.

Nilimmwagia Baba maji akanawa. Kisha nikaweka jagi pembeni mwa meza, nikainuka niende kukaa kule kwenye mbabula, pamoja na wale mama wanaosaidia kupika. Nilikuwa na hakika ndiyo adabu. Ningengoja amalize, nile kitakachobaki.

Baba akauliza ninaenda wapi. Nikasema kule, kwa ba mama.

Hakuniangalia. Aliangalia bukari. Akasema polepole, "Plamedie, miye nilizania weye njo hautaki kukula na miye."

Nikasema, "Miye nilizania ni heshima, Baba."

Mama Mujinga alikuwa anakoroga sufuria, na naapa haikuwa na kitu ndani. Baba alichukua jagi. Nikafikiri anataka kunawa tena. Akaniambia nitoe mikono. Akanimwagia maji, Tantine, baba akimmwagia maji binti yake, katikati ya watu, na hakuharakisha, alingoja mpaka nikamaliza vidole vyote. Sijui kama watu waliangalia. Papa Floribert alikuwepo, lakini yeye akiona samaki haoni kingine.

Tukala. Tonge langu la kwanza lilianguka kwenye sombe. Baba alikuwa anakata samaki na kusukuma vipande upande wangu. Ndipo akasema, sauti yake ikiwa chini kama anayemwambia samaki:

"Na mama yako tulikulaka sahani moja. Mwaka muzima, tangu ndoa. Aristote akazaliwa, baba yangu akakuya kutuona, akasema hii haiko adabu, bibi ya mutu iko na nafasi yake. Njo mama yako akahamia jikoni."

Nikauliza kama hakurudi tena, hata babu alipokwisha kuondoka.

"Sikumuita," akasema.

Alilipa, akaagana na Mama Mujinga, tukarudi. Safari hii hakutangulia sana.

Usifikiri basi mambo yote yamenyooka. Siku anazokuwa hapa tunakwenda kukaa, ao tunaweka sahani moja kwenye salo na tunakula hapo, sisi wawili, hatujui bado tuongee nini. Anauliza masomo, najibu vizuri. Nauliza gari, anajibu bado. Lakini katikati ya juma anapeleka sima Kasumbalesa, foleni ya malori inamshika, analala huko huko kwenye usukani. Siku hizo nyumba inakuwa kubwa. Nilijaribu kwenda kukaa kwa Mama Mujinga peke yangu. Nilifika mpaka kwenye benchi. Kulikuwa na vijana wanacheka, pengine kwa mambo yao wenyewe, na miguu ilikataa. Nikaomba barketi, nikailipa kwa ile bei yao ya juu. Mama Mujinga hakunitania. Aliongeza sombe juu mpaka kifuniko kikakataa kufunga, na ile huruma iliniuma kuliko lile neno la beseni. Nilirudi nikala jikoni.

Kwa hiyo, jibu.

Tantine, mwaka huu sitakuja. Si kwamba sina upweke. Ninao, na ninapoandika hapa ninakuona na watoto wako mezani, naona hata nafasi uliyoniambia umeniwekea kati ya Lombe na Dieumerci, na machozi yanataka kuchafua karatasi. Lakini nikija, Baba atanunua barketi moja. Namjua sasa. Hataenda kukaa peke yake hata bei ya kubeba ipande mara mbili, atabeba na kuja kufunga mlango. Miaka yote nilidhani ni mkali. Kumbe anaona haya, kama mimi. Haya hii sikuitoa kwenu, niliitoa kwake.

Usikasirike, tafadhali. Na ukiona nimefanya kosa kula sahani moja na baba, uniandikie mimi tu, usimwambie Kambo kwanza, mpaka upate namna nzuri ya kulisema. Kama huoni kosa, uniambie pia, nalihitaji hilo neno. Na kama njia itakuwa nzuri kabla ya mvua kubwa, uje wewe. Hata siku chache. Nimeanza kujaribu bukari tena, vidonge vimepungua, lakini nataka mtu mwingine aseme hivyo, Baba anasema kila kitu ni kizuri.

Nisalimie Kambo sana, umshikie mkono kwa niaba yangu. Nisalimie Papa Adrien wako na nyavu zake, Lombe na Dieumerci, na mwambie Dieumerci ile hesabu aliyonitumia kwenye karatasi ilikuwa sahihi yote isipokuwa ya mwisho. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, aiweke njia yenu salama na ziwa lenu litulie. Na Mama huko aliko, ninaamini anatuona sote wawili, mimi na Baba.

Nasikia gari, Baba amerudi. Jibu hili bado hajalisikia, wewe ndiye wa kwanza. Ameingia salo, amekaa, anadhani ninasoma. Ninaweka kalamu chini ili niende kumuita tule.

Mimi binti wa dada yako, anayekupenda kila siku na kila jioni zaidi,

Plamedie