Kilo za Mama Neema

Jumanne, Nyakato

Kilo nne nimeongeza tangu nianze dawa za TB. Nesi kafurahi kuliko mimi.

Nilichukia alipompandisha na mke wangu kwenye mzani, kana kwamba naye mgonjwa. TB hana, walishampima siku ya kwanza, na uzito wake wakauandika. Lakini amepungua kilo tatu tangu tulipoanza kliniki.

"Mama Neema, wewe unakula?" nesi akamuuliza.

Akatazama chini.

Kila jioni ananiwekeaga samaki, sato mzima, anasema yeye ameshakula sokoni. Nami niliamini, kwa sababu nilikuwa na njaa.

Mungu namshukuru kwa dawa. Huyu mwanamke nitamshukuruje?

Leo sato nimemkata mwenyewe. Mkia nimechukua mimi, nikakaa namtazama mpaka akamaliza kipande chake.