Adabu ya Mbele ya Mgeni

Jumanne, Nyaishozi

Siwaamini wale watoto wa chekechea. Wana miaka minne, mpira ni mmoja tu wa majani makavu ya mgomba, na asubuhi nzima hakuna aliyemnyang'anya mwenzake! "Chukua, rafiki yangu," wanaambiana kwa Kiswahili cha darasani, huku wakinitazama mimi niliyekuja kupima wanavyoishi na wenzao wakicheza.

Nikamwita Koku, msichana mchangamfu. "Nyumbani mnacheza hivi?"

"Hapana. Mwalimu kasema mgeni akija tusigombane."

Nikamuuliza Mwalimu Devota taratibu. Akainama. "Dada, ukiandika wanapigana, wazazi watasema sifundishi."

Nikamwomba awaache wacheze watakavyo. Haukupita muda, Koku akasukumwa, akaangua kilio. Mwalimu alitaka kumkimbilia, nikamshika mkono. Yule aliyemsukuma akarudi mwenyewe, akampangusa vumbi magotini, akamwambia neno kwa Kinyambo, lugha yao ya nyumbani. Koku akacheka.

Hilo ndilo nililoandika.

Ila usingizi hauji. Nawawaza wale watoto wapole wa shule ya Kanoni, wiki iliyopita, niliowapa alama za juu. Nao walikuwa wakinitazama mimi.