Upelelezi Haujakamilika

Nyarugusu, Geita
11 Februari 2024

Dada Noela, shikamoo.

Natumaini wewe, shemeji Kalisti na Martina hamjambo huko Kambarage. Mimi mzima, ila kifua kinabana kwa vumbi la karasha, maana mashine ya kusagia mawe iko jirani kabisa na ninapolala. Naandika kwa mkono kwa kuwa uliniambia wapelelezi wamechukua simu zenu.

Dada, jana hapa machimboni watu wamempiga muuza karanga, mtu wa Ushetu. Alivaa fulana ya njano ya Limi Nishati, zile tulizogawiwa siku wanauza hisa. Mmoja akapiga kelele, "Limi huyo!" Hakuna aliyeuliza. Walimvunja taya kwa mpini wa sururu. Alipoweza kutamka neno, ikajulikana alinunua fulana mnadani, mtumba. Kampuni yenyewe hata haijui. Mimi sikumpiga. Nilisimama nikaangalia, na sitakudanganya, sikumhurumia.

Huu mwaka wa tatu. Walituambia umeme wa jua utaendesha makarasha, dizeli tutaisahau, na wenye kampuni tutakuwa sisi wenyewe. Wenzangu walinunua hisa kwa sababu niliwahakikishia shemeji yangu ndiye msimamizi wa tawi la Shinyanga, hawezi kutuibia. Hata nguzo moja haijasimama. Mkurugenzi Ignas yuko nje kwa dhamana, watu wamemwona Kahama anakula nyama na wenzake. Kesi ikitajwa tunaambiwa upelelezi haujakamilika, turudi tena. Turudi mara ngapi?

Muulize shemeji niwajibu nini watu. Wananiangalia vibaya.

Msalimie Martina.

Mdogo wako,
Luka

*

Kambarage, Shinyanga
25 Februari 2024

Mdogo wangu Luka,

Marahaba. Pole na kifua, chemsha majani ya mkaratusi ujifukize, usidharau. Sisi tunaendelea, ila amani hakuna.

Wiki iliyopita mtu alirusha jiwe likapita dirishani likampiga Martina juu ya jicho. Ameshonwa. Anauliza baba yake amewafanyia nini watu, na baba yake anatoka nje anakwenda kukaa bafuni. Sokoni sipati mtu wa kuniuzia nyanya. Mama mmoja niliyezoea kusali naye alinitemea mate usoni, kisha akalia, akaondoka.

Sitakulaumu kwa hasira yako. Hisa tulinunua na sisi, Luka. Kiwanja cha Kalisti kule Songwa kiliingia humo humo.

Lipo jambo Kalisti amekatazwa kulisema, na mimi nimeapa kulinyamazia. Lingekuwa langu ningeshakwambia. Ninachokuomba ni uwazuie wenzako. Upelelezi huu ukifika mwisho utakuja mwenyewe kumshika mkono shemeji yako. Niamini kama ulivyoniamini ulipokuwa mdogo, nikikuvusha mto mgongoni.

Usiwape watu njia ya kuja hapa.

Dada yako,
Noela

*

Nyarugusu
17 Aprili 2024

Dada, shikamoo. Za siku nyingi?

Sina habari njema. Bartholomeo amekufa. Ndiye niliyekuwa nachimba naye tangu nifike huku, na mkewe Euphrasia ndiye anayetupikia. Duara lake, lile shimo alilokuwa anachimba, liliingia maji ya mvua, kila mtu alimwambia asishuke. Akasema, "Hisa zimekula akiba yangu, mnataka nile nini?" Akashuka. Udongo ukamfunika. Tulimchimba kwa mikono kutwa nzima, mimi ndiye niliyemshika kwanza, nilishika nywele. Mdomo ulikuwa umejaa tope.

Siku ya kumzika tukasikia kesi imeahirishwa tena. Mabula alipanda juu ya kifusi cha kaburi, kwa viatu vyake. Unaweza kuwa hujamsikia: ndiye msemaji wa wanahisa huku, mtu wa kifua, akisema watu wananyamaza. Akasema, "Serikali ikimaliza kupeleleza tutakuwa tumekwisha wote chini ya ardhi. Twendeni tukapeleleze wenyewe!" Watu wakaitikia kama wanaimba.

Wamekodi lori, Fuso. Jumamosi wanakuja Shinyanga. Nami nitapanda. Nimewaambia tunakwenda kuongea, shemeji atoke mbele yetu aseme kiume kilichotokea, basi. Mabula amekubali. Nyumba yenu huku hakuna aijuaye ila mimi, kwa hiyo wananitegemea, na nikiwepo nitawazuia.

Dada, wewe unasema lipo jambo. Mimi nimezika mtu. Siwezi tena kuwaambia wasubiri jambo nisilolijua.

Barua hii nampa kondakta wa basi la kesho. Ikifika mapema, mwandae shemeji.

Luka, mdogo wako

*

Kambarage
2 Mei 2024

Luka,

Barua yako ilikaa ofisi ya basi. Nimeipata siku mbili baada ya kumzika mume wangu.

Nakuandikia ujue, maana ulikimbia kabla mambo hayajakwisha.

Nilikuwa naanua nguo. Kalisti alikuwa barazani anamfundisha Martina hesabu za kugawanya. Fuso ikasimama pale kwa fundi baiskeli, watu wakashuka kama mahindi yanayomwagika kwenye gunia. Wewe ulikuwa mbele. Nilikuona kwa macho yangu haya ukinyoosha kidole. Nilifurahi, Luka. Kwa kitambo kidogo nilifikiri, mdogo wangu amekuja kutulinda.

Kalisti alimbeba Martina akamtia ndani ya tangi la maji lililokuwa tupu, akafunika. Kisha akatoka mwenyewe. Mikono juu, peku. Akasema, "Jamani, mimi na nyinyi tuko upande mmoja. Nisikilizeni tu." Mabula akajibu, "Miaka mitatu tumesikiliza." Panga la kwanza lilikata ule mkono ulioinuliwa. Nilikusikia ukisema, "Mabula, tulikubaliana!" Ulisema mara moja. Halafu nikakuona mgongo.

Baada ya hapo kila mtu alitaka kupiga. Watu niliowapikia chai ofisini kwa Kalisti walipokuja kununua hisa. Mmoja alipiga kwa tofali, akaenda kando akatapika, akarudi akapiga tena. Mimi nilivunjwa mbavu kwa kumlalia. Martina alisikia yote ndani ya lile tangi.

Hospitali aliishi siku tatu. Aliuliza Martina ametoka kwenye tangi? Nikamwambia ametoka. Akauliza tena, na tena, mpaka mwisho.

Sasa sikia hilo jambo, maana hakuna tena wa kumlinda. Mtu wa kwanza kabisa kwenda kwa wapelelezi na kusema Limi Nishati ni wizi ni Kalisti. Aliwaeleza fedha zenu zilivyohamishwa na nani aliyetia saini. Walimwambia anyamaze mpaka atakaposimama mahakamani, kwa sababu Ignas angemwua. Kesi ilikuwa imepangwa Juni, yeye ndiye shahidi wa kwanza.

Ignas hakuhitaji kujisumbua. Mlikuja nyinyi.

Usinijibu kwa kuniambia pole.

Noela

*

Katoro, Geita
26 Mei 2024

Dada Noela,

Sina mdomo wa kukuamkia. Nakusikia ukisema nisikupe pole, sikupi.

Ningejua ningelala mbele ya magurudumu ya lile Fuso. Lakini hata bila kujua, wewe uliniomba, na nilinyoosha kidole. Nikaona damu nikakimbia mpaka stendi, nikapanda gari la kwanza lililoondoka, nikarudi machimboni.

Barua yako niliipeleka kwa wachimbaji. Niliisoma kwa sauti pale kwenye karasha, mashine imezimwa. Wengine walikaa chini. Mzee mmoja alivua kofia akaiweka usoni. Mabula akasema ni uongo wa mjane, kisha akasema, "Na hata kama ni kweli, sasa utafanya nini?" Nikamjibu nitakwenda polisi, nitamtaja yeye, nitataja wote, na mimi nikiwemo.

Kesho yake asubuhi walinifuata wanne. Walining'oa meno ya mbele kwa nyundo ya kupasulia mawe. Wakanifunga kamba, wakanishusha kwenye duara la marehemu Bartholomeo, nusu ya njia wakaiachia. Mguu ulivunjika, nikasikia mlio wake kabla ya maumivu. Maji yalinifika shingoni. Juu Mabula akasema, "Huko ndiko utakakosubiri upelelezi ukamilike."

Aliyenitoa ni Euphrasia. Aliwaona wakiondoka, akawaita wanawake wa genge lake la chakula, wakanivuta kwa khanga walizozifunga pamoja kuwa kamba. Hakuniuliza kitu. Alinifikisha hapa Katoro kwa pikipiki, nimefungwa mgongoni kwa dereva kama mtoto, hospitali wamenifunga mguu.

Jumatatu natoka. Sirudi machimboni. Nakuja kituo cha polisi Shinyanga, kwa magongo yangu. Najua nitakaa ndani. Sikuombi uje kuniona. Nimetaka tu ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu.

Luka

*

Kambarage
14 Julai 2024

Kwa Luka, mahabusu, Gereza la Shinyanga

Luka,

Askari wa gerezani ataisoma barua hii kabla yako, naye asome, sina siri tena.

Mabula na wenzake sita wamekamatwa kwa maelezo yako. Polisi waliniambia hukuacha jina hata moja, na la kwanza kuandikwa lilikuwa lako.

Jumatano nilikwenda kusikiliza kesi ya Limi Nishati, ile iliyosogezwa kutoka Juni. Wanahisa walijaa mpaka kwenye ngazi. Ignas alikuja na suti, amenenepa. Mwendesha mashtaka akasimama akasema shahidi wake mkuu amefariki, anaomba muda, upelelezi haujakamilika. Watu wakalipuka. Viti vikarushwa, askari akapasuliwa kichwa. "Haki yetu! Haki yetu!" Mama yule aliyenitemea mate alikuwa anapiga kelele kuliko wote.

Nikapanda juu ya benchi. Mbavu zinaniuma bado, lakini sauti ilitoka. Nikawaambia, "Shahidi mnayemtaka nimemzika mimi. Mlimkata nyumbani kwangu, mchana, mtoto wake akisikia. Nani kati yenu anataka kumpigia kelele hakimu? Aanze kunipigia mimi."

Aliyekuwa ameinua kiti akakishusha. Mmoja mmoja wakaanza kutoka, hawanitazami. Ignas alikuwa anatabasamu. Mimi nikabaki naye, tunatazamana, mpaka tabasamu likamwisha. Kisha nikamwambia mwendesha mashtaka kwamba mengi Kalisti aliyowaeleza aliyasema kwanza mbele yangu, mezani kwangu, na nitasimama mimi. Ameyaandika. Tarehe wamesema Septemba. Najua wanaweza kunifuata. Waje, mlango wanaujua.

Martina halali ndani ya nyumba yenye mlango uliofungwa. Hajauliza habari zako na mimi sijamwambia.

Jumapili nitakuja na ugali na mchicha uliopondwa, maana uliniandikia waling'oa meno yako ya mbele. Sitakaa kuzungumza. Usiniombe msamaha, sina wa kukupa, na sijui kama nitakuja kuwa nao. Nitakaa upande wa pili wa nondo mpaka umalize kula, basi.

Dada yako,
Noela