Uso wa Ukurasa wa Tisa

Shepparton, 2 Machi 1999

Dada yangu Mitsue,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa bado na nguvu za kuwagombeza wajukuu, na kwamba kisukari kimekuachia walau kijiko kimoja cha asali. Mimi mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo siku hizi linapata habari za mvua kabla ya redio. Peasi tumevuna, zilizokaushwa zinakuja kwenye kifurushi.

Kile kitabu cha watoto kimekwisha. Maneno ni yangu, michoro ni ya Tegan, jirani yangu anayefundisha sanaa shuleni. Imo nyumba yetu ya bati ya Broome, kofia ya shaba ya Baba ya kuzamia lulu, treni, uzio wa kambi tuliyofungiwa wakati wa vita na Japani. Mama yumo na mzigo wake. Unakumbuka polisi walimwambia kwamba yeye Mbardi, mwenyeji wa asili wa nchi hii, hatakiwi kambini, wanaotakiwa ni Mjapani na watoto wake. Akawajibu kwamba watoto wake hawana nusu ya kubaki na nusu ya kuchukuliwa, akapanda nasi.

Wiki iliyopita nilikisoma darasani kwa Tegan. Mtoto mmoja mwenye mapengo akaniuliza, "Sasa bibi, vitani ulikuwa upande gani?" Nikamwambia upande wa ndani wa uzio. Mwenzake akamsukuma: "We naye! Huoni alivyo? Pande zote!" Nilicheka nao. Kambini wenzetu walipotuita Wajapani wa mkaa sikucheka. Ulicheka wewe, ukammwagia mkubwa wao ndoo ya maji.

Shida ni ukurasa wa tisa: asubuhi ile uwanja ulipokuwa mweupe kwa umande ulioganda, na mdogo wetu akapiga magoti kuulamba, akidhani ni chumvi kama ile ya mikokoni kwetu. Nilimwomba Tegan amchore kisogo tu, na jina nikaliacha. Wachapishaji wa Melbourne wameuliza mbona mtoto huyu hana uso. Nikawaeleza kwamba kwa watu wa mama yetu, mtu aliyekufa hatajwi wala picha yake haitazamwi, mpaka wenye msiba waruhusu. Wamekubali kungoja hadi Pasaka. Wakaomba pia picha yangu ya utotoni. Nikawaambia sina, nikawapa na ule utani wako kwamba mimi nilizaliwa na miaka kumi na minne.

Dada, picha nilikuwa nayo.

Majira ya pili ya baridi kambini, wiki ile kifua kilipomchukua mdogo wetu, Baba aliweka bakuli la wali kwenye rafu, akaomba picha ya mtoto aisimamishe mbele yake, kama wafanyavyo kwao. Mama alinipa bahasha ya picha zetu akaniambia niichome ya marehemu. Ulisimama mlangoni, ukaona karatasi ikijikunja jikoni, ukalia. Ile ilikuwa picha yangu. Yake niliishonea ndani ya bitana ya koti. Nilikuwa na miaka kumi. Nilidhani wazee watapatana, na siku hiyo picha itatakiwa.

Hawakupatana. Vita vilipokwisha na Baba akarudishwa Japani, nilimuaga nimelivaa koti lile, na picha sikuitoa, kwa kuwa Mama alikuwa amenishika mkono. Akaondoka mikono mitupu. Nanyi mliporejea Broome nilisema nabaki kwa ajili ya kazi ya kiwanda cha matunda. Haikuwa kweli. Nilishindwa kulala chumba kimoja na Mama na koti lile.

Kitabu kitatoka kwa vyovyote. Hata kisogo kinasimulia. Lakini wewe ndiye mkubwa aliyebaki, na neno ni lako. Humu mna bahasha ndogo niliyoifunga, na mchoro wa ukurasa wa tisa, wenye nafasi tupu chini. Ukiridhia, ifungue, mtazame mdogo wetu, andika jina lake hapo kwa mkono wako, kisha unirudishie vyote. Tegan atamgeuza atutazame. Usiporidhia, itie bahasha motoni bila kuifungua. Safari hii itakuwa yake kweli.

Wabusu wajukuu, na peasi usiwaachie zote.

Mimi mdogo wako, niliyekuficha jambo hili kwa miaka hamsini na sita,

Kiyoe