Mkebe wa Magadi

Isiolo Mjini

Mdogo wangu mpendwa Mghoi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye vumbi. U mzima? Miguu ya Baba bado inavimba? Mimi ni salama, na uamini hilo kabla ya kusoma mengine, maana nakujua, utarukia mwisho uone kama nimekufa.

Kwanza ucheke. Nilipoanzishiwa vidonge vya kisukari, muuguzi aliniambia nikitetemeka na kutokwa jasho ghafla, huenda sukari imeshuka, nilambe sukari haraka. Basi mwaka huu jasho likaanza. Niko jikoni pale shuleni ninapopika, nasonga ugali, mara kifua kinawaka na shingo inalowa. Nalamba sukari. Kanisani, katikati ya mahubiri, nalamba sukari. Nilitembea nayo ndani ya sidiria, kwenye kikaratasi.

Aliyenishtukia ni jirani yangu Mama Guyo, Mborana anayeuza maziwa ya ngamia sokoni. Alikuwa amenimiminia maziwa kutoka kwenye kibuyu chake kilichofukizwa moshi, nami nikatoa kikaratasi changu.

"Wakesho, wewe nakula sukari kama mbuzi amepata chumvi!"

"Imeshuka, Mama Guyo. Huoni jasho?"

"Hedhi bado nakuja?"

"Ilikoma mwaka jana."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Walahi, hiyo si sukari! Hiyo ni uzee nabisha hodi. Mimi hiyo joto ilinifukuza ndani, nikalala nje na ngamia."

Kliniki walipopima, sukari ilikuwa juu mno. Daktari, msichana mdogo tu, alijikaza asicheke. Akasema dalili hizo hufanana, kwa hiyo nichome kidole nipime kwanza kabla ya kulamba chochote.

Nilipofika mlangoni nikamwambia, kama mtu aliyekumbuka mwavuli, kwamba tumbo nalo huniuma, nashiba upesi, lakini natuliza kwa magadi. Akaniketisha tena.

"Magadi ulifundishwa na nani?"

"Mama."

"Yeye yuko wapi?"

Mghoi, nilimwambia alishatutoka. Niliona tu ule mkebe wa Mama pale dirishani, kijiko kimefungwa kwa uzi kisipotee, naye akikoroga na kusema ni asidi tu. Mpaka siku tulipoambiwa ni saratani ya tumbo na imeshaenea. Hayo nayo nikamwambia.

Daktari alinieleza polepole. Mwanamke mwenye kisukari, hedhi imekoma, na mama yake alikufa kwa saratani ya tumbo: haina maana kwamba naye anayo. Maana yake ni asikae akibahatisha. Basi nikamezeshwa kamera ndogo ya kuchungulia tumbo. Mama Guyo alinisindikiza, akawaambia wauguzi sisi ni wa tumbo moja. Wakamtazama yeye, mrefu kama twiga, wakanitazama mimi, wakatuingiza. Wamekuta kidonda na bakteria. Saratani hakuna. Dawa nimemaliza, nasubiri kupimwa tena, na ugali naula vizuri.

Sasa wewe. Juzi kwenye simu nilikusikia ukicheua, kisha kijiko kikagonga kikombe. Nikakuuliza, ukasema ni chai. Mdogo wangu, tangu uambiwe una kisukari unakunywa chai kavu isiyo na sukari. Ulikuwa unakoroga nini?

Nenda hospitali wiki hii. Usiwaambie ni asidi. Waambie habari za Mama. Ukiogopa kamera, nitaomba ruhusa nije nikushike mkono. Mama Guyo naye anataka kuja. Anasema akikutazama vizuri kwenye picha, wewe ndiye unayefanana naye.

Nisalimie Baba, umwambie aweke miguu juu. Nisalimie shemeji, na shangazi yetu wa kwaya, bado anaimba sauti ya wanaume? Mkebe wa Mama usiutupe. Mwaga yaliyomo, utie udongo na mbegu za dania, uurudishe dirishani. Nikija nitaangalia kama zimeota.

Dada yako akupendaye,
Wakesho